Mlezi Asiyetajwa: Lugha ya Janga na Fasihi ya Malezi kwa Mfano wa Kakamega

I

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi mlezi wa mtoto anavyosawiriwa, au anavyoachwa bila kusawiriwa, katika matamko na maandishi ya Kiswahili yanayohusu majanga ya maradhi na misiba mingine inayowatenga watoto na wazazi wao. Mfano uliochaguliwa ni wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, katika kipindi cha korona cha miaka ya 2020 na 2021. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili cha janga, kiwe cha serikali au cha fasihi, kimemtazama mtoto kwa huruma nyingi, lakini mlezi kimemwona kama malaika au kama katili, na mara nyingi hakikumwona kabisa. Kasoro hii si ya sanaa peke yake. Inamdhuru mtoto mwenyewe, kwa sababu hali ya mtoto haitengani na hali ya anayemlea.

Yafaa kuanza na neno ustawi, ambalo limezoeleka mno katika ripoti na mikutano. Neno hili lina asili ya shambani. Mkulima husema kwamba mahindi yake yamestawi, na asemapo hivyo hausifu mmea tu, bali anasifu pia mvua, mbolea na udongo. Mmea ukinyong'onyea, mkulima huinama akautazama udongo kabla ya kuulaumu mmea. Neno lilipohamishwa kutoka shambani likaundiwa istilahi ya ustawi wa watoto, habari ya udongo ilisahauliwa. Methali zetu hazikusahau. Isemwapo kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, uchovu wa mlezi umetajwa waziwazi. Na isemwapo kwamba mkono mmoja haulei mwana, imekubaliwa kwamba mlezi aliyeachwa peke yake hushindwa, hata awe na mapenzi kiasi gani. Methali zote mbili humzungumzia mlezi ili kumnusuru mtoto. Ndicho kipimo kitakachotumiwa katika uhakiki huu.

II

Hapana budi kueleza kwanza mazingira ambamo lugha ya janga ilipokewa. Kwa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu zaidi ya 1,860,000, yaani zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita moja ya mraba. Sehemu kubwa ya watu hawa huishi mashambani, katika vipande vidogo vya ardhi vilivyogawanywa kutoka kwa babu hadi kwa baba na kutoka kwa baba hadi kwa wana. Kampuni ya Sukari ya Mumias, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa tegemeo la wakulima wa miwa, ilikuwa imezorota kwa miaka kadhaa na ikawekwa mikononi mwa mrasimu mwaka 2019. Kwa hiyo ajira ya vijana na wazazi wengi ilikuwa Nairobi na katika miji mingine, nao watoto walibaki ingo, yaani nyumbani kwa lugha ya Kiluhya, chini ya kukhu, yaani bibi.

Malezi ya bibi hayakuanza na korona. Kisa cha kwanza cha UKIMWI nchini Kenya kiligunduliwa mwaka 1984, na ilichukua hadi Novemba 1999 kwa serikali ya Rais Moi kuutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa. Katika miaka hiyo 15 vifo vya watu wa makamo viliacha magharibi mwa Kenya nyumba nyingi zenye watu wa vizazi viwili tu, cha kwanza na cha tatu. Bibi aliyekwisha kulea wanawe alianza upya na wajukuu. Korona ilipofika, ilimkuta bibi huyo au binti yake katika kazi ile ile.

Yafaa pia kukumbuka kwamba mji wa Kakamega uliingia katika janga hili ukiwa tayari na msiba. Tarehe 3 Februari 2020 wanafunzi 14 walipoteza maisha katika mkanyagano kwenye ngazi za Shule ya Msingi ya Kakamega. Wiki tano na siku chache baadaye, tarehe 13 Machi, mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini, na tarehe 15 Machi ikaamriwa kwamba shule zote zifungwe. Watoto waliokuwa bado wakiomboleza wenzao waliondolewa darasani, mahali ambapo maombolezo ya pamoja yangewezekana.

Amri iliyorudiwa zaidi kuliko nyingine zote katika miezi hiyo ilikuwa ya maneno mawili: kaa nyumbani. Ilitamkwa katika taarifa za Wizara ya Afya, ikaandikwa katika mabango, na maana yake ikatafsiriwa kwa Kiluhya katika redio kama Mulembe FM. Kisarufi, amri hiyo inamwelekea mtu mmoja, nafsi ya pili umoja. Haisemi anakaa na nani, wala anakula nini huko anakokaa. Inachukua kwamba nyumbani ni mahali pa usalama, na kwamba aliyemo ndani ana ghala. Kwa mchuuzi wa mboga aliyelisha watoto kwa mapato ya siku hiyo hiyo, amri ilikuwa na maana nyingine kabisa. Kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi 2020, na ambayo haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021, ilikula saa za jioni, ambazo ndizo saa za biashara ndogo ndogo. Na ilipopigwa marufuku kuingia na kutoka Nairobi, kuanzia tarehe 6 Aprili hadi tarehe 7 Julai 2020, wazazi walioajiriwa mjini walitengwa na watoto walioko Kakamega. Vibarua waliofutwa kazi mjini walikosa cha kutuma nyumbani. Hivyo mlezi aliongezewa watoto mchana kutwa, akapunguziwa fedha, na chakula ambacho mtoto alikuwa akikipata shuleni kikakatika.

Lakini kosa kubwa la lugha hii lilikuwa katika mpangilio wa makundi. Taarifa ziliwaweka watoto katika orodha moja, wazee katika orodha nyingine. Kuhusu watoto ilisemwa kwamba wabaki nyumbani. Kuhusu wazee ilisemwa kwamba wao ndio walio hatarini zaidi, basi wasisogelewe. Maelekezo yote mawili yalikuwa sahihi kwa mujibu wa tiba. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Isukha, Butsotso au Marama, mtoto anayepaswa kubaki na mzee asiyepaswa kusogelewa walikuwa chini ya paa moja, wakila sinia moja, na mmoja ndiye aliyempikia mwenzake. Mtoto alirudishwa nyumbani kwa usalama wake, na kurudi huko kukamweka mlezi wake hatarini. Haikupatikana sentensi ya kumweleza mtoto wa miaka kumi kwamba bibi akiugua si yeye aliyemuua. Wala haikupatikana ya kumweleza bibi amwogope mjukuu kwa namna gani, naye ndiye anayemwogesha.

Ikumbukwe kwamba Kiswahili hakikukosa uwezo wa kuunda maneno. Katika muda mfupi kilitwaa neno barakoa, lililokuwa la kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani na Uarabuni, kikalipa kazi mpya. Kilieneza kitakasa mikono, karantini na kafyu hadi vijijini. Vitu vyote vilivyohitaji kununuliwa au kutiiwa vilipata majina. Mlezi alibaki katika mstari ule ule wa fomu za shule, mzazi au mlezi, mahali pa kutia sahihi.

Amri nyingine inastahili kutajwa, nayo ni ile iliyowapunguza waombolezaji wa mazishi wakawa 15 tu. Kwa watu wa Kakamega mazishi si kumfukia maiti pekee. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa haraka, ni sehemu ya mazishi kama ilivyo ya kuzaliwa na ya arusi. Siku chache baada ya mazishi ndugu hukutana, hunyoa nywele, hutaja madeni ya marehemu, na hupanga mali na malezi ya watoto walioachwa. Kikao hicho ndicho kinachoifanya methali ya mkono mmoja kuwa utaratibu wa maisha. Kilipobanwa, mtoto aliyefiwa alipoteza zaidi ya mzazi: alipoteza mkutano ambao ungemteulia mlezi mbele ya mashahidi, na mlezi akakosa mashahidi wa kuwakumbusha ndugu ahadi zao. Kuzuia mikusanyiko kulikuwa na sababu nzito, na makala haya hayalipingi hilo. Linalohojiwa ni kwamba hakuna tamko lililotaja kilichopotea wala lililopendekeza cha kuweka badala yake.

III

Je, fasihi imemwona mlezi vyema kuliko matamko? Tuanze na fasihi simulizi. Ngano ya yatima hupatikana kwa Waswahili, kwa Waluhya na kwa majirani zao wote. Muundo wake hautofautiani sana: mama hufa, mama wa kambo humnyima mtoto chakula na kumpa kazi zisizowezekana, msaidizi wa ajabu hutokea, mwisho mtoto hutukuka na mlezi huadhibiwa. Ngano hii ina faida yake, kwani humpa mtoto mnyonge ushindi ambao dunia humnyima. Lakini fani yake haina nafasi ya kuuliza mama wa kambo alikuwa na watoto wangapi, alilima ekari ngapi, na mumewe alikuwa wapi. Ukatili wake hauna chanzo. Ni sifa aliyopewa, kama rangi ya ngozi.

Riwaya iliurithi muundo huo. Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), Kongowea Mswahili anafiwa na mama yake, anaangukia katika nyumba ambamo Mzee Kazumari anamtesa, kisha anasafiri kutoka Tanga hadi Kenya kumtafuta baba yake. Riwaya ni nzuri na imependwa kwa haki. Hata hivyo, safari ndiyo inayoisukuma, na ili safari iwepo ni lazima nyumba ya ulezi iwe mahali pa kukimbiwa. Msomaji humfuata mtoto njiani akifurahi kwamba ametoka, na waliobaki nyumbani wanasahauliwa pamoja na nyumba yao.

Maandishi yaliyozaliwa na UKIMWI yalikuwa na lengo jingine. Tamthilia ya Kilio Chetu, iliyotungwa Tanzania katika miaka ya 1990, iliutazama unyamavu wa wazazi kuhusu jinsia, ikawaonyesha vijana wakiangamia kwa kutoambiwa. Humo mzazi anapimwa kwa swali moja: alisema au alinyamaza. Swali hilo lilikuwa la haki wakati ule, na tamthilia ilisaidia kuvunja mwiko. Lakini ni swali la kabla ya kifo. Baada ya kifo, yaani pale bibi anapokabidhiwa watoto watatu na deni la hospitali, tamthilia ya kuonya haina la kusema, kwa kuwa onyo limekwisha chelewa.

IV

Kwa wanafunzi wa Kakamega wa mwaka 2020 kazi iliyo muhimu zaidi ni Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei (2014). Sababu ni ya kihistoria. Riwaya hii ilikuwa kitabu cha lazima katika mtihani wa kidato cha nne tangu 2018. Watahiniwa wa mwaka 2020 walifukuzwa shuleni na korona mwezi Machi, wakarejea tarehe 12 Oktoba pamoja na darasa la nane na gredi ya nne, na mtihani wao ukafanywa Machi na Aprili 2021. Wanafunzi wengine walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Kwa karibu miezi saba, basi, watahiniwa walikuwa nyumbani, pengine wakiwa na kitabu hiki mkononi, nacho ni kitabu kinachowahusu watoto waliotenganishwa na walezi wao.

Riwaya inaanzia katika ghasia za baada ya uchaguzi, lakini uzito wake umo katika malezi. Umulkheri na ndugu zake Dick na Mwaliko wanaachwa na mama yao Naomi, baba yao Lunga anafariki, kisha Sauna, mtumishi wa nyumbani, anawaiba Dick na Mwaliko na kuwapeleka kwa Bi Kangara, mlanguzi wa watoto. Umulkheri analelewa na Mwangeka na Apondi, Mwaliko na Mwangemi na Neema. Mwisho ndugu hao watatu wanakutana tena. Hapa mwandishi amepiga hatua ambayo fasihi yetu ilikuwa haijaipiga kwa upana huo. Ameonyesha kwamba mtu anaweza kuwa mzazi kwa kuamua, bila damu, na kwamba mlezi naye hulea akiwa na majonzi yake. Mwangeka ni mtu aliyeunguliwa na jamaa zake. Anapomlea Umulkheri, majeraha mawili yanatibiana. Kwa msomaji wa Kakamega hii si ndoto ya kitabuni. Ni maelezo ya nyumba anazozijua.

Lakini uhakiki wa haki lazima uonyeshe pia kikomo cha hatua hiyo. Walezi wema wa riwaya ni watu wenye kazi, elimu na nyumba. Wema wao haugongani na njaa. Hakuna kati yao anayelazimika kuchagua kati ya kumnunulia mtoto daftari na kumnunulia mwingine dawa. Mtumishi wa nyumbani, ambaye katika maisha halisi ya Kenya ndiye anayewashika watoto wa watu wengine kutoka asubuhi hadi usiku, ndiye aliyepewa uovu. Tofauti ya tabaka imegeuzwa tofauti ya maadili bila mwandishi kukusudia.

Na hapo hapo mna jambo ambalo walimu wengi hulipita upesi. Mwandishi amempa Sauna utoto. Tunaelezwa kwamba yeye mwenyewe aliharibiwa na baba wa kambo, katika nyumba ambayo ingepaswa kumlinda. Kwa aya chache riwaya inatoka katika ngano ya yatima: mlezi katili ana chanzo, na chanzo hicho ni mtoto aliyekosa mlezi. Kama uzi huo ungefumwa hadi mwisho, riwaya ingetuonyesha jinsi madhara yanavyopita kutoka kizazi hadi kizazi, na mahali ambapo mkono mmoja zaidi ungeweza kuyakatiza. Badala yake Sauna anatiwa mbaroni pamoja na Bi Kangara, na msomaji anaridhika. Sheria imetendeka, na ni lazima itendeke. Lakini swali alilolifungua mwandishi linafungwa na pingu.

Umuhimu wa swali hili ulionekana wazi katika miezi ya kufungwa kwa shule. Nyumba iliyofungwa kwa amri ilikuwa salama kwa mtoto mmoja, kwa mwingine ilikuwa pamoja na mtesi wake mchana na usiku. Wasichana waliopata mimba katika kipindi hicho walizungumzwa sana hadharani, na lugha iliyotumika kwao ilikuwa ya lawama: mzazi alikuwa wapi? Lawama hii ni ndugu wa ngano ya mama wa kambo. Inauliza mahali alipokuwa mlezi bila kuuliza alikuwa akifanya nini huko. Mara nyingi jibu lingekuwa kwamba alikuwa shambani kwa mtu akitafuta kibarua, ili jioni pawe na ugali.

V

Huenda ikapingwa kwamba fasihi si ripoti ya ustawi wa jamii, na kwamba mwandishi ana uhuru wa kumfanya mlezi shetani ikiwa hadithi inamtaka shetani. Pingamizi hili lina nguvu, na makala haya hayamtaki mtunzi aandike kwa maagizo. Lakini katika shule za Kenya riwaya haisomwi faraghani tu. Inafundishwa, inakaririwa na kutahiniwa, na maelfu ya vijana hujifunza kwayo jinsi ya kuwahukumu watu. Mtahiniwa anapoulizwa ataje sifa za Sauna, anaandika katili, mlaghai, mwenye tamaa, naye hupata alama. Asipoulizwa kamwe ni nini kingemzuia Sauna kuwa Sauna, amefundishwa kwamba swali hilo halina maana. Kijana huyo huyo wa kidato cha nne wa mwaka 2020 alikuwa pengine mlezi wa wadogo zake wakati mama akiwa kibaruani. Alikuwa akijisomea habari za walezi wema na wabaya, bila kupewa msamiati wa kusema kwamba amechoka na bado anawapenda.

Lingine litakalosemwa ni kwamba kumhurumia mlezi ni kumpuuza mtoto. Hofu hii inaeleweka, kwa kuwa wapo wanaotumia umaskini kama kisingizio cha ukatili. Lakini kueleza si kusamehe. Mkulima anayeutazama udongo hajauacha mmea ufe. Kaunti ya Kakamega yenyewe ilikuwa imelitambua jambo hili katika uwanja wa afya hata kabla ya korona: mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ulioanza mwaka 2013, uliwapa akina mama maskini fedha walipohudhuria kliniki. Mpango huo ulisimama juu ya wazo kwamba njia ya kumfikia mtoto hupitia kwa mama. Fasihi na lugha ya umma zilikuwa na mfano huo karibu nazo.

Yapo mambo matatu yanayoweza kufanywa na wanafunzi na walimu wa lugha za Kiafrika. La kwanza ni kukusanya masimulizi ya walezi wa kipindi cha korona, hasa ya akina kukhu, kwa Kiluhya walichokitumia kuwatuliza wajukuu, kisha kuyafasiri kwa Kiswahili bila kuyapamba. Wazee hao hawatakuwapo milele, na UKIMWI umetufunza kwamba sauti za walezi hupotea kabla ya takwimu kukamilika. La pili ni kuwasaidia waandishi wa matangazo ya afya kupata sentensi zinazomwambia mlezi afanye nini pale mtoto na mzee wanapolala chumba kimoja. Janga jingine litakuja, na amri ya maneno mawili haitatosha. La tatu ni kubadili maswali ya darasani. Chozi la Heri inaweza kufundishwa kwa kumuuliza mwanafunzi aonyeshe mahali katika riwaya ambapo mlezi fulani alihitaji msaada, aseme ni nani angeuleta na kwa nini hakuuleta. Jibu la swali hilo halimo katika miongozo ya mtihani. Mwanafunzi wa Kakamega atalitafuta katika kitabu, na baadhi yake atalipata nyumbani kwao.